Taya linalouma miezi nenda rudi: itazame saa ya maumivu, kisha utafute tabia

Wagonjwa wengi wa taya hapa Goma huanzia mlango usio wao. Mmoja huenda kutazamwa sikio, na sikio linakutwa zima. Mwingine hununua antibiotiki kwenye farmasi ya jirani akidhani ni jino, anameza siku tano, hakuna kilichobadilika. Mwingine amekwisha kung'olewa gego, na maumivu yamebaki palepale. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo, na watu hawa hunifikia wakiwa wamechoka, wametumia pesa, na wamekata tamaa kidogo. Mwongozo huu ni wao, na ni wa yeyote ambaye taya linamsumbua kwa zaidi ya miezi 3, maana hapo ndipo tunaanza kuyaita maumivu sugu.

Kiungo chenyewe kiko mbele kidogo ya tundu la sikio. Weka ncha ya kidole hapo, fungua mdomo, funga. Kinachoteleza chini ya ngozi ni kichwa cha mfupa wa taya la chini, na kati yake na fuvu kuna kisahani chembamba kinachosogea pamoja nacho. Sasa shika mashavu, uma meno kwa nguvu: misuli inavimba chini ya vidole. Weka vidole kwenye panja, uma tena: hapo pia kuna msuli unaokaza. Mara nyingi kinachouma ni misuli hiyo kuliko kiungo chenyewe, na misuli huuma kwa sababu ya kazi tunayoipa bila kujua.

Kanuni ambayo kila kitu hapa chini kinaitegemea ni hii: usipokuwa unakula au unameza, meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana. Midomo inafungwa, ulimi unapumzika juu kwenye kaakaa nyuma ya meno ya mbele, na kati ya meno kunabaki nafasi ndogo ya milimita 2 au 3. Ukijumlisha kutafuna na kumeza kote kwa mtu mwenye afya, meno hugusana dakika chache tu katika saa 24. Mtu anayeuma meno tangu asubuhi hadi jioni, hata kama haumi kwa nguvu, ni kama motari aliyeegesha pikipiki yake kwenye parkingi na kuiacha inawaka siku nzima. Haendi popote, lakini mafuta yanaisha na injini inapata moto.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chukua simu au daftari. Kwa wiki moja andika saa taya linapouma na ulichokuwa unafanya nusu saa kabla. Maumivu ya asubuhi yana asili yake, ya jioni yana asili nyingine, ya wakati wa kula ni mengine kabisa. Ukisha kujua saa, nenda kwenye sehemu inayokuhusu hapa chini. Lakini kwanza soma hii inayofuata, hata kama una haraka.

Dalili ambazo si za kusubiri

Taya linalokaza na kukataa kufunguka, shingo nayo inakuwa ngumu, kumeza kunakuwa taabu, mwili unashtuka kwa mikazo: hiyo inaweza kuwa pepopunda, hasa kama siku au wiki zilizopita ulichomwa na msumari, ulijikata kwa jembe au ulipata jeraha lenye udongo. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Shavu limevimba, una homa, mdomo unatoa usaha au harufu mbaya, kumeza au kupumua kunakuwa kugumu: huo ni uchafu wa jino au wa tezi unaosambaa, si tabia. Nenda leo.

Maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho baridi, kuishiwa pumzi au maumivu ya mkono, hasa unapopanda mlima au kubeba mzigo: huo unaweza kuwa moyo. Usilale ukisema utaona kesho.

Mtu aliyepita miaka 50 ambaye taya linachoka akitafuna, panja linamuuma likiguswa, na macho yanaanza kuona ukungu au kuona viwili, aende haraka vilevile. Kuna ugonjwa wa mishipa ya damu ya kichwa unaoweza kupofusha, na unatibika ukiwahiwa.

Pia ikiwa taya lilianza kuuma baada ya kuanguka na moto (pikipiki), kupigwa au ajali yoyote, na sasa meno hayakutani kama zamani, unahitaji picha ya eksirei kabla ya ushauri wowote wa tabia.

Na kuna maumivu makali ya ghafla kama kupigwa na umeme, yanayodumu sekunde chache, yanayoamshwa na kunawa uso au kupiga mswaki. Hayo ni ya mshipa wa fahamu wa uso. Yana dawa yake, na mazoezi ya taya hayatayagusa.

Ukiwa huna hata moja kati ya hayo, tuendelee.

Unaamka taya limechoka, kichwa kinauma kwenye panja

Ukiamka na uchovu wa taya unaopungua kadiri asubuhi inavyosogea, unachokitafuta kimetokea usiku. Unasaga au unauma meno ukiwa usingizini. Muulize unayelala naye chumba kimoja, hata mtoto: wao ndio hupata kusikia ule mlio wa kusaga. Kama unalala peke yako, tazama kwenye kioo. Ncha za meno zimekuwa bapa? Kandokando ya ulimi kuna alama za meno? Ndani ya shavu kuna mstari mweupe ulionyooka usawa wa mahali meno yanapokutana? Alama hizi haziwi hukumu peke yake, lakini zikiungana na maumivu ya asubuhi zina maana.

Kusaga meno usiku hakuzuiliki kwa kuamua, kwa sababu umelala. Kinachowezekana ni kupunguza yale yanayokuchochea. Kahawa na chai nzito mwisho ziwe saa za mchana. Pombe ya usiku, ambayo wengi huinywa ili walale, huufanya usingizi uwe wa juujuu na kusaga kukaongezeka. Sigara vilevile. Kuna dawa za msongo na huzuni zinazoweza kuleta kusaga meno. Kama umeanza mojawapo na taya likaanza kuuma baadaye, mwambie daktari aliyekuandikia, lakini usiiache mwenyewe.

Kulala kifudifudi huku shavu limekandamizwa na mkono ni jambo jingine. Taya linasukumwa upande mmoja saa nzima nzima. Lala ubavu au chali, na mto ujaze nafasi kati ya bega na kichwa, usiwe mlima.

Ikiwa unakoroma sana, unashtuka usiku ukitafuta hewa, na mchana unasinzia ukiwa umekaa, mweleze daktari. Hapo tatizo huenda ni la pumzi, na taya ni moja tu ya vinavyoumia.

Asubuhi taya ni zima, mchana linakuwa zito: jioni ndiyo linauma

Hapa ndipo watu wengi wa mji huu walipo, na hapa ndipo nafuu kubwa inapopatikana, kwa sababu mchana uko macho na unaweza kubadilisha.

Anza na barabara. Mitaa mingi ya Goma bado ni mawe ya volkano, na anayepanda moto kutoka Katindo hadi Birere anarushwa njia nzima. Mwili hujikinga kwa kuuma meno. Motari ambaye hufanya hivyo tangu saa kumi na mbili asubuhi, uso umefunikwa kwa sababu ya vumbi, mkanda wa kaske umebana chini ya kidevu, atafika jioni na mashavu magumu na hatajua kwa nini. Legeza mkanda wa kaske kiasi kwamba kidole kimoja kinapita. Acha meno yaachane huku midomo imefungwa. Kwenye mashimo kunja magoti na viwiko kidogo, wao ndio wapokee mshtuko. Na abiria naye afanye hivyohivyo.

Msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anayepandisha magunia ya viazi huuma meno kila anapokaza nguvu. Mama anayebeba bidoni ya lita 20 ya maji mgongoni, kamba imepita kwenye kipaji cha uso, hukaza shingo na taya kwa pamoja. Misuli ya shingo na ya taya hufanya kazi bega kwa bega, na wenye shingo inayouma mara nyingi taya nalo huuma. Siwezi kumwambia mama huyo aache kubeba maji, kwa sababu maji hayatajileta nyumbani. Ninachoweza kumwambia ni hiki: pumua nje unapoinua, usizuie pumzi, na ulimi uwe kwenye kaakaa. Ni vigumu kuuma meno kwa nguvu huku unatoa pumzi kwa mdomo. Ikiwezekana gawa mzigo mara mbili, na pumzisha kamba kila baada ya umbali fulani.

Kisha kuna kazi za kukaa. Mtazame fundi wa kushona anapopinda suruali: pini tatu ameziuma katika pembe ya mdomo, kichwa kimeinama juu ya cherehani, uzi anaukata kwa meno. Msusi naye hushika ncha ya uzi au ya nywele kati ya meno ili mikono miwili iwe huru, mteja baada ya mteja. Mwanafunzi anayeandaa Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, hutafuna kifuniko cha biki na kuegemeza kidevu kwenye kiganja usiku kucha. Kila tendo ukilitazama peke yake ni dogo. Yakirudiwa siku nzima kwa miaka, ni kazi kubwa ambayo taya halikuumbwa kuifanya. Fundi ashone kijimto cha pini akifunge kwenye kifundo cha mkono, na mkasi mdogo uning'inie shingoni kwa uzi. Msusi atumie kibanio. Mwanafunzi atupe vifuniko vyote vya biki.

Simu nayo. Kuibana kati ya sikio na bega huku unapika au unahesabu pesa hupindisha shingo na kusukuma taya. Kuinamia kioo chake saa nzima huleta kichwa mbele, na kichwa kikienda mbele taya la chini huvutwa nyuma na misuli yake hukaza. Inua simu kuelekea macho.

Lakini zaidi ya yote hayo kuna kuuma meno kwa sababu ya mawazo, na hapo nitaongea polepole. Goma haijawahi kuwa mji wa usingizi mwepesi. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia hadi mitaani, benki zikafunga milango, mishahara ikakatika, watu wakapoteza ndugu. Mwili uliojifunza kusikiliza milio usiku haujui kulegea mchana. Watu huniambia, "Mimi sina msongo, ninaendelea na kazi tu," na wanaponiambia hivyo naona misuli ya shavu inacheza. Kusema kwamba mawazo yanachangia maumivu si kusema kwamba maumivu ni ya kubuni. Msuli uliokaza kwa muda wa saa kumi unauma kweli, na ukiubonyeza unaweza kuonyesha mahali hasa. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani kuhusu maumivu ya taya ulionyesha kwamba usingizi mbaya, msongo na tabia za mdomo ni miongoni mwa mambo yanayotangulia maumivu haya. Anayeuma meno kwa hofu hana kosa lolote. Ana kazi ya kujifunza tu.

Na kazi yenyewe ni hii. Chukua karatasi za rangi za kubandika, au rangi ya kucha, weka nukta ndogo mahali unapotazama mara nyingi: mgongoni mwa simu, kwenye usukani wa moto, juu ya cherehani, kwenye sufuria ya chai. Kila unapoiona nukta jiulize: meno yamegusana? Kama ndiyo, tamka herufi "n" bila sauti na uache ulimi ubaki hapo ulipofika. Meno yataachana yenyewe. Shusha mabega, toa pumzi ndefu kuliko uliyovuta, endelea na kazi. Siku za kwanza utashangaa ni mara ngapi utajikuta umeuma. Usikasirike. Kule kujikuta ndiko kunakofanya kazi, na baada ya wiki chache utajikuta mara chache zaidi.

Linauma ukila, hasa upande mmoja

Jiulize unakula nini na unakitafunia wapi.

Mahindi ya kuchoma yaliyokauka, miwa inayomenywa kwa meno, mushikaki wa mbuzi mzee, karanga ngumu, makasu (kola), chingamu la mchana kutwa: kila kimoja ni kazi nzito kwa taya lenye afya, na kwa taya linalouma ni kuliongezea kidonda. Kufungua chupa ya bia kwa meno ni jambo ambalo vijana hulionyesha kama nguvu. Linavunja meno na kuumiza kiungo, basi.

Kwa wiki 2 hadi 4 kula laini. Hapa kwetu haihitaji pesa nyingi: bugali unaomezwa bila kutafunwa sana, sombe, maharagi yaliyoiva hadi kupasuka, viazi vya kuponda, ndizi za kupika, avoka, mayai, uji wa mtama, jibini ya Masisi ikatwe vipande vyembamba. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, ziwe za mchuzi, si zile za kukaangwa hadi ziwe kavu. Nyama isubiri, au ichemshwe kwenye mbabula hadi itoke mfupani yenyewe. Kata kila kitu kidogo, usifungue mdomo kwa embe zima wala mkate mzima. Baada ya hapo rudisha vyakula vya kawaida pole pole, kwa sababu misuli isiyofanya kazi kabisa nayo hudhoofika, na taya halikutengenezewa uji wa maisha.

Kama unatafunia upande mmoja kwa sababu upande wa pili una jino lililooza au pengo, tatizo lako ni lile jino. Litibiwe. Ukizungumzia mazoezi kabla ya hilo unapoteza wakati. Na kwa kijana wa miaka 17 hadi 25 mwenye maumivu nyuma kabisa na fizi iliyovimba, gego la mwisho huenda ndilo linalotoka.

Linatoa mlio: tak, tak

Mlio bila maumivu na bila kukwama hautibiwi. Watu wengi sana wenye afya wanao. Ni kile kisahani kinaruka kidogo mfupa unaposogea. Kosa kubwa ni kulijaribu taya kila dakika ili kusikia kama mlio bado upo, au kuwaonyesha wenzako. Acha.

Mlio wenye maumivu ni mwingine. Punguza kufungua mdomo sana. Ukipiga miayo, gandamiza ulimi kwenye kaakaa au weka ngumi chini ya kidevu ili mdomo usifike mwisho. Waimbaji wa kwaya wanisikilize hapa: mazoezi ya saa tatu kabla ya ibada ya sherehe, sauti za juu, mdomo wazi kabisa, halafu kesho yake taya halifunguki kufikia mkate. Anza na sauti za chini, pumzika katikati, na mwambie kiongozi wa kwaya ukweli. Kuimba huku taya limelegea kunatoa sauti nzuri kuliko kulikaza. Walimu wazuri wa uimbaji hufundisha hivyo.

Halifunguki, au limefunguka halirudi

Pima kwa vidole vyako. Mtu mzima wa kawaida huingiza vidole vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kati ya meno ya mbele, yaani kama milimita 40 au zaidi. Kama jana ulikuwa na mlio, leo mlio umepotea na vidole viwili haviingii, kisahani kimekaa mbele ya mfupa na kuziba njia. Tafuta mtu wa mazoezi ya viungo au daktari wa meno mapema, wiki ya kwanza ni bora kuliko mwezi wa tatu. Usilazimishe kwa kijiti wala kwa kijiko.

Likifunguka kwa miayo au kwa kung'olewa jino na kukataa kufunga, limetoka mahali pake. Nenda hospitali ukiwa umeshikilia kidevu kwa kitambaa. Kumpiga mtu kofi ili lirudi, kama wengine wanavyofanya, kunaweza kuvunja mfupa.

Sikio linauma lakini halina ugonjwa

Mwaka 1934 daktari wa masikio wa Marekani, James Costen, aliandika kuhusu wagonjwa waliolalamikia masikio kumbe shida ilikuwa kwenye taya. Sababu alizozitoa zilikuja kukataliwa baadaye, lakini alichokiona kliniki ni kweli hadi leo: sikio na kiungo cha taya vimepakana, na maumivu ya kimoja husikika kwenye kingine. Sikio kuziba, mlio wa ndani, maumivu yasiyo na usaha wala homa.

Jaribu hivi. Bonyeza msuli wa shavu kati ya mfupa wa shavu na pembe ya taya, kisha mbele ya sikio, kwa nguvu ya kawaida kwa sekunde chache. Ikiwa maumivu yanayotokea ni yale yale unayoyajua, yanayopanda sikioni au kwenye panja, basi umepata chanzo. Usimimine mafuta ya moto wala maji ya majani sikioni. Mgonjwa aliyekuja na taya na kuondoka na sikio lililoungua ninamwonea huruma sana, na nimewaona.

Joto, mazoezi, dawa

Joto hulegeza misuli. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu, ifunge kwa kikwembe, ijaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono, kisha iweke kwenye shavu na panja kwa dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku. Usiku Goma kuna baridi, na watu wanaotoka kazini wakiwa wamekunja uso kwa baridi hupata faida kubwa na hili. Kama kiungo kimeumia jana tu na kimevimba, anza na baridi.

Baada ya joto, ulimi ukiwa kwenye kaakaa, fungua mdomo pole pole kadiri ulimi unavyoruhusu bila kuachia, funga. Mara sita. Kisha sugua mashavu kwa vidole kwa mizunguko midogo kwa dakika moja kila upande, kuanzia mfupa wa shavu hadi chini. Rudia mara kadhaa kwa siku. Maumivu madogo yanayopotea baada ya dakika chache ni sawa. Yakibaki hadi jioni, umezidisha.

Dawa za maumivu zinasaidia siku za mwanzo tu. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, na iwe chini ya hapo ikiwa ini lina shida au unakunywa pombe. Ibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu wala mama mjamzito, na usiichanganye na diklofenaki, jambo ambalo ninaliona kila mara kwenye vifuko vya farmasi. Hakuna kati ya hizo iliyo tiba ya maumivu ya miezi.

Kuhusu gutiera, kile kifuniko cha plastiki cha meno kinachovaliwa usiku: kinaweza kulinda meno yasilike, na wengine hupata nafuu, lakini si uhakika. Mwongozo uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la kitabibu la BMJ uliweka mbele mazoezi ya taya na ya mkao, kazi ya mikono ya mtaalamu, mafunzo ya kubadilisha mawazo na tabia, na maelezo mazuri kwa mgonjwa. Gutiera ya kawaida haikupewa nafasi hiyo, na matibabu kadhaa yasiyorudishika, kama upasuaji wa kuondoa kisahani, yalikataliwa kwa nguvu. Kwa hiyo mtu akikuambia asage meno yako mazima ili yakutane vizuri, au ang'oe gego lisilooza ili taya lipone, mshukuru na uondoke. Jino lililosagwa halioti tena.

Kama umefuata haya kwa wiki 4 hadi 6 na hujaona tofauti, nenda kwa daktari wa meno au mtu wa mazoezi ya viungo ukiwa na lile daftari la saa. Mwonyeshe saa, mwonyeshe vidole vingapi vinaingia mdomoni, mtajie dawa zote unazotumia pamoja na za kienyeji, mwambie kazi yako unaifanya vipi kwa mikono na kwa meno. Na kama hulali kwa sababu ya yaliyokupata, mwambie na hilo pia, mwanzoni kabisa, kabla hajaanza kutazama mdomo.